Kadari na Sababu katika Ajali ya Ndege

Hakuna msiba unaowakusanya kwa ghafla watu wa makabila, dini na lugha mbalimbali kama msiba wa ndege iliyoanguka. Wala hakuna msiba ambao ndani yake maneno mawili yaliyo mbali mbali husemwa kwa wakati mmoja kama huo. Katika majumba ya wafiwa, mikeka ikiwa imetandikwa na watu wakiingia makundi kwa makundi kutoa mkono wa tanzia, husemwa ya kuwa ajali haina kinga, ya kuwa siku ya mtu ikifika haisogei mbele wala nyuma, na ya kuwa yaliyotokea yalikwisha kuandikwa. Na saa ile ile, shambani au msituni au chini ya bahari, wako watu wanaookota vipande vya bati na nyaya, kimoja baada ya kimoja, wakivitia namba na kuvipanga, kwa kuwa wameagizwa waeleze kwa nini ndege ile ilianguka. Wa kwanza husema Mungu amepitisha amri yake. Wa pili husema iko boliti iliyolegea, au ufa, au neno lililosikiwa vibaya redioni, nao hawatatulia mpaka walipate. Je, makundi haya mawili yanapingana? Na mtu mwenye imani, ambaye amelelewa katika nyumba iliyopata riziki yake kwa kazi ya ndege, kama nilivyolelewa mimi, asimame upande gani?

Jawabu langu nalitanguliza. Makundi haya hayapingani. Kila moja lina mahali pake, na madhara huzuka pale neno la kundi moja linapochukuliwa likatumiwa mahali pa lingine. Kadari ni faraja ya mfiwa. Si udhuru wa fundi, wala wa rubani, wala wa mwenye chombo, wala wa serikali. Mama aliyefiwa na mwanawe akisema kwamba Mungu amemtwaa aliye wake, amesema neno la subira, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini aliyekabidhiwa chombo akisema vile vile, kwa maneno yale yale, ameiba faraja ya yule mama akaifanya ngao ya nafsi yake.

Kadhia hii si mpya kwa wanazuoni. Katika karne ya 11 Imamu Ghazali aliandika katika kitabu chake, Tahafut al-Falasifa, ya kuwa pamba ikiguswa na moto ikaungua, kuungua kule hakuushiki moto kwa lazima ya nafsi yake, bali ni kwa kuwa Mwenyezi Mungu amejaalia liwe hivyo. Na katika karne iliyofuata Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu ya kuwa anayezikana sababu ameikana elimu yenyewe, kwani kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Mjadala wao ni mrefu, na wenye akili kuliko mimi wameshindwa kuumaliza. Lakini hata mtu akiifuata rai ya Ghazali ataona ya kuwa ada aliyoiweka Mungu katika viumbe vyake haigeukigeuki, moto wa leo ukiunguza kama ulivyounguza wa jana, na chuma cha leo kikikatika kwa uzito uliokikata cha jana. Maadamu ada hiyo ni thabiti, anayeuliza bati lilipasukaje haichungulii siri ya Mungu. Anasoma yale ambayo Mungu ameyaweka wazi mbele ya macho yake ayasome.

Nayo masimulizi ya Sayidina Umar yametupa mfano ulio karibu zaidi na jambo letu. Alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni iliyoingia huko, alishauriana na watu wake akakata shauri kurejea. Na Abu Ubaida, aliyekuwa mtu wa heshima kubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu ya kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Maana ya jibu hilo ni kwamba usalama nao umekadiriwa, sawasawa na hatari, na kwamba mtu aliyepewa macho ya kuiona njia yenye tauni na njia isiyo na tauni amepewa na wajibu wa kuchagua. Anayesema ndege ilianguka kwa kadari, na akanyamaza hapo, amesahau ya kuwa nyufa huonekana kwa kadari, wakaguzi huajiriwa kwa kadari, na ndege isiyoanguka kesho, kwa sababu ya iliyochunguzwa leo, nayo imeandikwa.

Tutazame kisa kimoja ambacho kimekuwa chuo kwa wote waliokuja baadaye. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa nauli ikiruka kwa injini za jeti, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, hata Afrika ya Mashariki ikayaonja maajabu hayo tangu siku ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Comet nyingine ilivunjika hewani karibu na Calcutta katikati ya dhoruba, na dhoruba ikatajwa kuwa sababu. Kisha, tarehe 10 Januari 1954, ile ile iliyofungua njia mwaka 1952, ikitoka Roma kwenda London, ilipasuka juu ya bahari karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Wavuvi wa kisiwa hicho wakatoka na vyombo vyao kuziokota maiti. Safari hii hapakuwa na dhoruba ya kutajwa. Ndege zote za namna ile zilizuiwa, zikafanyiwa marekebisho kwa kila hatari iliyoweza kudhaniwa, na tarehe 23 Machi zikarudishwa angani ijapokuwa sababu yenyewe haijajulikana. Tarehe 8 Aprili nyingine tena, ikitoka Roma kwenda Cairo, ilianguka baharini karibu na Napoli pamoja na watu 21.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo, kwa kuwa mahali hapa ndipo penye uzito wote wa hoja yangu. Watu 35 wa Elba walikufa kwa jambo ambalo wanadamu walikuwa hawajalijua. Wale 21 wa Napoli walikufa kwa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kubisha hodi, likafunguliwa nusu mlango, kisha mlango ukarudishwa. Sisemi haya kumlaumu mtu, kwani waliozirudisha ndege zile walidhani wameshika kila uangalifu. Nasema ili ijulikane ya kuwa sababu isiyopatikana haifi pamoja na waliouawa nayo. Hukaa pale pale ilipo, ikingoja wengine.

Baada ya Napoli kazi ilifanywa kwa namna ambayo haijapata kufanywa. Manowari za Uingereza zilivua mabaki kutoka kilindi cha bahari ya Elba, na huko Farnborough, chini ya uongozi wa Arnold Hall, kiwiliwili cha Comet nyingine kilitiwa ndani ya hodhi kubwa la maji. Maji yalisukumwa ndani na kulegezwa, yakasukumwa na kulegezwa, mchana na usiku, ili bati litunishwe na kusinyaa kama linavyotunishwa na kusinyaa ndege ipandapo na ishukapo, na mabawa yakichezeshwa kana kwamba yamo hewani. Baada ya mzigo uliolingana na safari 3,000 hivi, bati liligawanyika. Bahari nayo ikatoa ushahidi wake: katika kipande cha paa la ile ndege ya Elba ilionekana kwamba mpasuko ulianzia kwenye pembe ya kidirisha kilichowekewa chombo cha redio, pembeni mwa tundu dogo la kufungia, mahali ambapo jicho la abiria haliwezi kufika. Metali ilikuwa imechoka. Hapakuwa na moto, wala bomu, wala kosa la rubani. Palikuwa na ufa mwembamba uliokua safari baada ya safari, kila ndege ilipopanda, mpaka ukakomaa.

Miongoni mwa waliosikia habari za Comet alikuwamo David Warren, mtaalamu wa Australia, ambaye alishiriki katika mashauri juu ya ajali zile. Babake, Hubert Warren, alikuwa kasisi na mmisionari. Alipotea mwaka 1934 pamoja na ndege iitwayo Miss Hobart, katika mlango wa bahari wa Bass, wakati mwanawe ana umri wa miaka 9, na ndege ile haikutoa maelezo yoyote. Zawadi ya mwisho ambayo mtoto yule aliipata kwa babake ilikuwa redio ndogo, nayo ndiyo iliyomtia katika mapenzi ya mitambo. Mwaka 1954 alitoa wazo ya kuwa katika kila ndege kuwekwe kinasa kitakachohifadhi sauti za marubani na vipimo vya safari, ili walio hai wapate kusikia yale ambayo waliokufa hawawezi tena kuyasema. Na chombo hicho, ambacho watu hukiita kisanduku cheusi ingawa hupakwa rangi ya machungwa kisipotee machoni, sasa kimo katika ndege za abiria za dunia nzima. Mtoto wa kasisi alifundishwa bila shaka kuyapokea mapenzi ya Mungu, lakini hakufundishwa ya kuwa kupokea ni kunyamaza. Huzuni ambayo ingeweza kubaki katika nyumba moja ikawa manufaa ya watu wasiojua hata jina la marehemu.

Katika nyumba yetu sisi tuliyajua haya kwa njia nyingine, kwa sababu marehemu baba alikuwa fundi wa ndege katika karakana ya uwanja wa Dar es Salaam. Nakumbuka kwa karibu zaidi sanduku lake la vyombo kuliko ndege alizozitengeneza: ndani ya kila droo palikuwa pamechorwa kwa rangi umbo la kila spana na kila bisibisi, ili chombo kisiporudi mahali pake pengo lake lionekane kwa kutupa jicho tu. Vyombo vilihesabiwa kabla ya injini kufunikwa. Siku moja ya Ramadhani, abiria wakiwa wamekwisha kuitwa na jua likiwa kali, bisibisi moja fupi haikuonekana, na baba akakataa kutia sahihi. Vifuniko vilifunguliwa upya, taa zikapitishwa katika kila pembe, mkubwa wa zamu akaja akafoka, abiria wakalalamika, na magharibi ikaadhiniwa mafundi wangali wameinama ndani ya injini, wakafuturu kwa tende na maji wakiwa wamesimama. Mwisho bisibisi ile ilipatikana katika mfuko wa ovaroli ya kijana mmoja aliyekwisha kwenda nyumbani. Haikuwamo ndani ya ndege hata kidogo.

Baba aliporudi usiku ule, bibi yangu, ambaye alikuwa mcha Mungu na mwenye huruma, alimwonea uchungu kwa taabu aliyoipata bure. Alimwambia, "Mwanangu, aliyeandikiwa kufa hewani hafi kitandani; mnajitesa nini?" Baba, aliyekuwa hajibishani na mamake, alijibu kwa upole, "Ni kweli, mama. Lakini alichoandikiwa abiria mimi sikijui, na nilichoamrishwa mimi nakijua." Sikuwa na umri wa kuyapima maneno yale siku ile, nimeyapima baadaye, na kila niyapimapo naona yamekusanya yale ambayo vitabu vikubwa vimeyaeleza kwa marefu. Kadari imefichwa, na amri imedhihirishwa. Na mtu haulizwi juu ya kilichofichwa, huulizwa juu ya kilichodhihirishwa. Anayeiacha amri aliyoijua kwa kutegemea kadari asiyoijua amekiacha cha mkononi kwa ajili ya kilicho gizani, na hawezi kusema ya kuwa huko ndiko kutawakali.

Iko desturi nyingine ya kazi ile ambayo nimeona asili yake katika dini kabla ya kuona asili yake katika elimu ya mitambo. Sehemu za ndege ambazo uhai wa watu unazitegemea, kama vile nyaya za kuendeshea mabawa na mkia, haziachiwi mkono mmoja. Afanyaye kazi hutia sahihi yake, na mwingine aliye mbali na kazi ile huja kukagua kwa jicho lake mwenyewe, naye akatia yake. Haimaanishi ya kuwa wa kwanza hakuaminiwa. Dini imetuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe hata baina ya ndugu wanaopendana, kwa kuwa binadamu husahau na huchoka. Na roho za abiria ni amana kubwa kuliko dirhamu zote zilizopata kukopeshwa.

Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya VC10 ya East African Airways, iliyotoka Nairobi na kuelekea London, ilikuwa ikishika mbio kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeanguka njiani kutoka katika ndege nyingine, tairi likapasuka, na marubani wakaamua kusimamisha. Lakini ndege haikusimama, ikapita mwisho wa njia, ikavunjika na kuwaka, na kati ya watu 107 waliokuwamo wakafa 43. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa isivyo, hata nguvu ya kusimamisha ikapungua. Wakati habari za kwanza ziliposomwa redioni, baba hakusema neno. Baadaye nilifahamu ya kuwa kila fundi aliyeisikia habari ile, hata yule ambaye hakupata kuigusa ndege ile maisha yake yote, alikuwa akiipitisha mikono yake mwenyewe katika kumbukumbu, akijiuliza ni boliti ipi aliyoikaza kwa haraka, na ni sahihi ipi aliyoitia akiwa na usingizi. Familia za wafanyao kazi hii huomboleza matanga mawili: matanga ya waliokufa, na matanga ya hofu kwamba huenda mkono uliolisha nyumba yao ndio uliokosea.

Nilimsikia baba akisema mara nyingi ya kuwa kifaa kikitiwa vibaya, swali la nani aliyekitia ni jepesi, na swali lenye manufaa ni hili: kwa nini kilikubali kuingia vibaya? Nani aliyekichora hata pande zake mbili zikafanana? Fundi alikuwa na saa ngapi kazini, na kitabu cha maelekezo kilikuwa mbele yake au kabatini? Hii ndiyo hekima iliyoingizwa katika sheria za mataifa. Mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago mwaka 1944 yaliiwajibisha nchi ambamo ajali imetokea ifanye uchunguzi, na kanuni zilizofuata mwaka 1951, ziitwazo Kiambatisho cha 13, zimeeleza ya kuwa shabaha pekee ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama.

Najua ya kuwa wako watakaoona uzito hapa, nao wana haki ya kusikilizwa. Watauliza: aliyefiwa atendewe uadilifu gani ikiwa wachunguzi hawamtafuti mkosa? Je, damu iende bure? Nasema uadilifu una mlango wake, nao ni mahakama, na mlango huo haufungwi. Mzembe na fisadi aliyeuza usalama wa watu kwa fedha afikishwe mbele ya hakimu apewe anachostahili. Lakini mlango wa kujua na mlango wa kuadhibu isipotenganishwa, yote miwili huharibika. Fundi anayejua ya kuwa neno lake la kweli litamtia kifungoni siku ile ile atalimeza neno lake, na likimezwa, ufa unabaki hai. Mfiwa atapata mtu wa kumchukia na hatapata kujua. Na mimi sijaona mfiwa aliyetulizwa na chuki kama alivyotulizwa na kujua, tena kujua ya kuwa kifo cha mpenzi wake kimeuziba mwanya ambao wengine wangepotelea humo.

Liko kosa jingine, la upande wa pili, ambalo watu wa dini tuna hatari zaidi ya kuliangukia, nalo ni kuwahukumu waliokufa. Katika Injili ya Luka imesimuliwa habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu 18, na Yesu akawakataza wasikilizaji wake kudhani ya kuwa wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mnara uliwaangukia walio chini yake. Anayesimama mimbarini au madhabahuni akadai kuijua dhambi iliyoiangusha ndege amejitwalia elimu ambayo hakupewa, na zaidi ya hayo amewaondolea walio hai wajibu wa kuutazama msingi wa mnara.

Nairobi nayo ina somo lake. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilianguka mara tu ilipoinuka, wakafa 59 kati ya watu 157, kwa kuwa vibawa vya mbele, vinavyolipa bawa nguvu ya kuinua wakati mwendo ungali mdogo, havikuwa vimefunguka, na hapakuwa na ishara iliyotosha kuwaonya marubani. Hitilafu ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kutokea kabla katika safari nyingine ambazo marubani wake waliweza kuzinusuru. Baada ya Nairobi ishara ya onyo ikawekwa. Kwa mwenye kuamini, onyo lililotangulia ni rehema iliyotumwa mapema. Na rehema iliyopokewa ikawekwa kando bila kusomwa huhesabiwa juu ya aliyeipokea.

Basi anga imetufundisha, na bahari na nchi kavu bado zinangoja tufuate. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba, wakafa 19 kati ya watu 43. Na wavuvi walitoka pia Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Kila mwaka mabasi hupinduka katika barabara tunazozijua kwa majina na kwa kona zake, na kila mara hutangazwa rambirambi, husomwa dua, na jina la Mungu hutajwa na watu ambao walipaswa kutaja breki, idadi ya abiria na saa za dereva. Dua zisomwe, sitaki hata moja ipunguzwe. Lakini ripoti nazo ziandikwe, zitolewe hadharani kwa lugha ambayo mfiwa anaifahamu, na zisomwe katika misikiti, makanisa na shule kwa uangalifu ule ule tunaousomea wosia wa marehemu, kisha tuwaulize waliokabidhiwa amana zetu wamelitenda lipi katika yaliyoagizwa humo. Kuuliza huko ni ibada, na aliyefiwa ana haki nayo kama alivyo na haki ya kuliwazwa.